Mama Kitana na Uongo wa Maziwa

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu aliniamsha kwa kunivuta kidole gumba cha mguu. Ndivyo alivyoniamsha miaka yote. Alikuwa ameshafagia, ameshachemsha chai, ameshanyunyiza maji mbele ya mlango ili vumbi litulie.

"Amka, baba. Jua limefika kazini kabla yako."

Nikanywa chai. Yeye alikuwa anatafuta chanuo lake, huku akimlaumu kila mtu ndani ya nyumba. Ndani ya nyumba tulikuwa mimi na yeye. Chanuo lilikuwa limechomekwa kichwani mwake mwenyewe. Nililiona tangu mwanzo, nikanyamaza.

"Unacheka nini?"

"Sicheki."

"Na hayo meno yametoka kuota jua?"

Akajipapasa, akalikuta, akanipiga nalo begani. Kisha akafungua dirisha la chumba cha mbele, nami nikatoa sanduku langu la kushonea viatu, nikakaa chini ya dirisha lile. Kesho yake aliamka na kifua kizito, na hospitali hakukaa sana, akatuacha. Ya hospitali nayaacha. Nataka kusimulia habari zake akiwa mzima.

Alikuwa msusi. Wateja walimwita Mama Kitana, wengine hawakulijua jina lake jingine. Chumba cha mbele kilikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, kopo la mafuta ya nywele, kiti chake, na mbele ya kiti kigoda cha mteja. Mteja alikaa kwenye kigoda, kichwa katikati ya magoti ya mke wangu. Mtu akikaa hivyo hawezi kugeuka, na hawezi kuondoka kichwa kikiwa nusu. Basi hana la kufanya ila kusema. Walisema waume, wakasema wakwe, wakasema majirani. Mimi chini ya dirisha nilikuwa na misumari mdomoni. Mwenye misumari mdomoni hajibu, kwa hiyo walinisahau.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakuliandika popote lakini kila mteja alilijua. Alichosema mtu akiwa anasukwa hakikutoka nje ya chumba kile. Hata mimi, tukiwa mezani, hakuniambia jambo ambalo alijua fika kwamba nimelisikia kwa masikio yangu.

Aliwapenda zaidi wajawazito. Walikuja mwezi wa mwisho, wasukwe nywele za kukaa, ili mtoto akizaliwa wasihangaike na kichwa. Hao hakuwaweka kwenye kigoda. Aliwapa kiti chake, akasuka amesimama, na jioni nikamkanda miguu.

"Kaa wewe nao wakae," nilimwambia.

"Yule amebeba wawili. Mimi najibeba mwenyewe."

Ukaja ule mwaka wa korona, tukavaa barakoa mpaka masikio yakachoka. Halafu ikaja chanjo. Kliniki yetu iko nyuma ya mafundi seremala, na nesi wa pale alikuwa mteja wa mke wangu. Mwanzoni wajawazito na wanaonyonyesha waliambiwa wasubiri. Baadaye wakaambiwa waje. Hapo mioyo mingi ikaingia baridi. Jana subiri, leo njoo, mtu atashika lipi? Nilisikia mengi dirishani, na wengi wao hawakuwa wajinga. Walikuwa waoga, kwa sababu walichokibeba si chao peke yao.

Sasa nije kwa mshonaji. Alikuwa mwanamke kijana, ana cherehani barabarani, na mtoto wa kiume ambaye alikuwa ameshaanza kutembea na bado ananyonya. Alikaa kigodani siku moja akiwa anakaribia kulia.

"Mama Kitana, mtoto huyu ananiuma. Ana meno, haki ya Mungu, kama panya. Nataka kumwachisha, mama mkwe hataki. Anasema mtoto hajatosheka."

"Umemwambia anakuuma?"

"Nimwambieje? Nimfungulie kifua? Naona aibu."

"Mumeo je?"

"Yule? Kwa mama yake hana ulimi."

Mke wangu alikuwa anachana, na alipokuwa anachana alipenda mzaha. Akasema, "Si ulichanjwa juzi? Mwambie chanjo imekausha maziwa. Nani atabisha?"

Wakacheka wote wawili. Hata mimi nilicheka, msumari mmoja ukanidondoka.

Mshonaji alipofika nyumbani alisema vile vile. Mtoto akaachishwa siku ile ile, mama mkwe hakubisha neno. Lakini mama mkwe mwenyewe ndiye mwanamke ambaye mtaa mzima walimwita Redio, si mbele yake. Aliuza nyanya na vitunguu kwenye kona ambayo kila anayekwenda sokoni lazima apite. Aliingia katika habari ile kwa moyo mweupe. Mjukuu wake alinyimwa ziwa na sindano, angenyamazaje?

Habari ikatoka ikiwa na maziwa ya mwanamke mmoja. Iliporudi dirishani kwetu ilikuwa na maziwa ya wanawake wa mitaa mingi. Mteja mmoja alisema maziwa yanageuka maji. Mwingine akasema yanaanza kukauka upande wa mkono uliochomwa. Mke wangu aliposikia mara ya kwanza alicheka peke yake jioni.

"Watu wanajua kuongeza chumvi," alisema.

Hakucheka tena alipokuja mjamzito mmoja, mke wa dereva, tumbo limeshuka. Alisema alikuwa amesimama kwenye mstari wa kliniki, akakumbuka habari ya mkwe wa Redio, akatoka akarudi nyumbani. Nilisubiri kusikia mke wangu atajibu nini. Nilisikia chanuo tu.

Kisha akaja kitindamimba wetu. Binti huyu tangu utoto ana pumu. Alikuwa na mtoto mchanga, na ilibaki kidogo arudi kazini, kwenye dirisha la tiketi pale stendi, ambapo watu humkoholea usoni kutwa. Na maziwa yake yalikuja kwa shida. Alipojifungua, mtoto alinyonya akalia, alinyonya akalia, na mke wangu akalala kwao mpaka maziwa yalipokubali kutoka. Kwa hiyo kwake maziwa lilikuwa jambo kubwa.

Alikaa kigodani, mtoto akawekwa mkekani. Nesi alikuwa ameshamwita mara nyingi akachanjwe.

"Utakwenda lini, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Siendi."

"Siendi ndiyo nini? Kifua chako unakijua."

"Kifua ni changu, mama. Maziwa ni ya mtoto. Unakumbuka tulivyoyatafuta? Nilipokuwa na mimba walisema subiri, sasa wanasema njoo, na mkwe wa Redio yamekauka. Yangu yakikauka, huyo nesi atakuja kuninyonyeshea?"

"Hayakukauka."

"Umejuaje?"

Nikatoa misumari mdomoni.

"Mama, umejuaje? Ulikuwepo?"

"Kaa sawa, unanipotezea njia za nywele," mke wangu alisema, na sauti yake haikuwa yake.

Binti alipoondoka, mke wangu alitoka akakaa na mimi chini ya dirisha. Si kawaida yake, kwa sababu alikuwa hapendi harufu ya gundi.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia."

"Nikimwambia ukweli nimemvunjia yule mshonaji nyumba. Atasema nini kwa mkwewe? Nisipomwambia, mwanangu anakwenda kukaa dirishani pale stendi na pumu yake. Na yule mke wa dereva naye. Na wengine nisiowajua."

Nilikuwa na kiatu mkononi, nikaendelea kukishona.

"Wewe nawe sema basi, baba!"

"Uongo ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi uchukue."

Akakitazama kiatu mkononi mwangu. Halafu akaniuliza kiatu kile cha nani. Nikamwambia cha Redio, kisigino kimetoka. Akasema kimalize upesi.

Asubuhi alikwenda kwanza kwa mshonaji. Mimi nilimfuata na kile kiatu mkononi. Mshonaji aliposikia, mguu ulitoka kwenye cherehani.

"Mama Kitana, usinifanyie hivyo! Yule mama atanila mzima bila chumvi."

"Sitakutaja kwa ubaya. Nitasema maneno yale ni yangu."

"Lakini aliyeyapeleka ni mimi."

"Uliyapeleka kwa sababu nilikupa. Sikiliza, mwanangu. Usiponiruhusu siendi. Ulilosema kwangu ni lako. Lakini binti yangu ana pumu, na amekataa sindano kwa sababu ya mzaha wangu."

Mshonaji alilia kidogo, akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja, akaona alichofanya, akakikunja haraka. Kisha akasema, "Nenda. Lakini mimi leo nakaa hapa mpaka giza."

Redio alikuwa ameketi nyuma ya nyanya zake. Nikampa kiatu. Akakipinda, akakinusa, akakigonga kwenye sanduku.

"Leo umeleta na mke? Kisigino kimoja kinahitaji wasindikizaji?"

"Nina neno na wewe, dada," mke wangu alisema.

Akamwambia yote. Hakuzunguka, hakulia. Alimwambia mtoto anauma, mkwe wako aliona aibu kusema, mimi nikamfundisha uongo kwa mzaha, na maziwa hayakukauka hata tone. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachagua vitunguu akaacha kuchagua.

Redio alinyamaza. Sijawahi kuona jambo kama lile, wala kabla wala baada. Akanyanyuka na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi.

"Kwa hiyo mimi, mtu mzima na mvi zangu, umenisimamisha hapa barabarani nitangaze uongo?"

"Ndiyo. Nisamehe."

"Nimewaambia watu wangapi mimi! Nimemwambia mpaka nesi mwenyewe! Nilimwambia usoni, wewe nesi unatukaushia watoto! Na yule binti wa watu akanunua nyanya akaondoka bila kunijibu!"

"Nisamehe, dada."

"Na huyo mtoto!" Sasa alikuwa ameshageukia kwingine. "Anauma? Si wangeniambia! Baba yake huyo mimi nilimwachisha kwa sababu hiyo hiyo, alinitoa damu! Aibu gani? Kifua nilichonacho mimi ni cha nini, cha kuwekea nyanya?"

Yule mchagua vitunguu akacheka. Redio akamtazama kwa ukali, kisha naye midomo ikaanza kumcheza. Lakini hakusamehe siku ile. Alimwambia mke wangu, "Nitawaambia watu wote. Kila mtu. Na jina lako nitalitaja."

"Ndicho nilichokujia," mke wangu alisema. "Mimi nina mikono tu. Sauti unayo wewe."

Tukaondoka. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza kama kisigino nilikipiga vizuri. Nikasema ndiyo. Akasema afadhali, angalau mmoja wetu asidaiwe.

Redio alitimiza ahadi. Habari hii ya pili ilikuwa tamu kuliko ile ya kwanza, maana ndani yake alikuwepo mtu wa kumsema. Mama Kitana kadanganya mtaa mzima! Mama Kitana kamfundisha mkwe wa watu uongo! Ilikimbia. Wateja wengine walikata mguu. Wengine walikuja wakakaa kigodani bila kusema lolote, wakatazama ukuta, na hilo lilimuuma zaidi. Kigoda kimya hakuwa amekizoea. Aliniuliza jioni moja kama watu watamwamini tena. Nikamwambia wanamwachia vichwa vyao na ana chanuo lenye ncha, wanamwamini. Akanisukuma. Lakini alicheka.

Mshonaji naye alinusurika. Redio alimfokea mpaka sauti ikamkauka, kisha akamletea mafuta ya kupaka na akawa anamchukua mtoto kutwa pale kwenye nyanya. Mtoto akazoea kuuma nyanya.

Ila tuliyekuwa tunamngoja ni binti. Alikuja kabla hajaitwa. Alikuwa ameisikia habari kwa watu, ikiwa na jina la mama yake katikati. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, hakuingia.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilikaa hapo. Nilikuuliza umejuaje. Ukaniambia nikae sawa."

"Lilikuwa la mtu, mwanangu. Sikuwa na ruhusa yake."

"Na sasa nitashika lipi? Wewe umedanganya. Redio kadanganywa. Kliniki walisema hivi wakasema vile. Niambie basi, nichanjwe au nisichanjwe?"

Nilimjua mke wangu. Alikuwa na jibu la kila kitu, hata la mambo ambayo hakuulizwa. Nikamwona anafungua mdomo. Nikamwona anaufunga.

"Usiniulize mimi," alisema. "Mimi najua nywele. Twende kwa nesi ukamuulize yeye, muulize mpaka akuchoke. Akikujibu, hiari ni yako. Ukisema hapana, nitakushikia mtoto ukiwa kazini na sitakusema."

Tulikwenda sote. Mimi nilibaki kwenye benchi na mjukuu, lakini mlango ulikuwa wazi, na masikio yangu yamezoea kazi hiyo. Binti aliuliza kwa nini mwanzo walisema subiri. Nesi hakukasirika. Alisema mwanzo wajawazito na wanaonyonyesha hawakuwa wamechunguzwa vya kutosha, ndiyo maana wakaambiwa wangoje. Baadaye wengi walichanjwa wakafuatiliwa, wao na watoto wao. Akasema mjamzito akiupata ugonjwa ule huwa mkali kwake kuliko kwa wengine, na mwenye pumu naye ajihadhari. Maziwa, alisema, sindano haiyakaushi. Sehemu ya kinga ya mama humfikia mtoto humo humo kwenye maziwa.

"Na mkono?"

"Utauma. Unaweza kupata homa ya siku moja au mbili. Hilo sikufichi."

"Na usichokijua ni kipi?" binti akauliza. Swali lile lilinipendeza.

"Sijui kinga itakaa muda gani," nesi alisema. "Na sijui mama yako atamfundisha nani uongo mwingine."

Wakacheka watatu. Kisha binti akakunja mkono wa blauzi.

Wa pili kuingia alikuwa mke wa dereva. Alitupita na tumbo lake, akamsalimia mke wangu kwa kichwa tu. Hata hivyo alikuja. Alijifungua salama, na baadaye akarudi kusukwa.

Binti alilala kwetu siku ile. Mkono ulimuuma, mwili ukachemka kidogo, akanung'unika kama alipokuwa mdogo. Mama yake hakuuliza kitu, lakini kila mtoto aliponyonya alisogea kutazama, kama fundi anayetazama bomba alilolifunga mwenyewe. Asubuhi nilikuwa bado sijatoa sanduku langu nje. Binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha mke wangu, kile cha wajawazito, ananyonyesha. Mtoto alinyonya kwa kelele, anameza, anapumua, anameza, maziwa yanamtoka pembeni ya mdomo. Mke wangu alikuwa amekaa chini kwenye kigoda cha wateja, ametulia, mikono yake haina kazi. Mimi naiona sura ile mpaka sasa, na huniwezesha kufungua dirisha lile asubuhi.

"Mama," binti alisema, hana hasira tena, "ungeniambia tu siku ile ile."

"Ningekuambia ungekasirika," mke wangu akasema. "Na hasira inakausha mazi..."

"Mama!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtoto akaachia ziwa akatutazama. Mke wangu akajifunika mdomo kwa mikono miwili, akatikisa kichwa, kisha akasema:

"Basi, nimekoma. Mbadilishe upande, huku kashamaliza."